Kwetu Mafuta Yalikuwa ya Kuuza

Wateja wanaopanga foleni kwa Waithira, nyuma ya soko la Ruiru, hawajui kwamba mwanamke anayewapikia chapati amekula chapati nzima siku moja tu maishani mwake, na siku hiyo nusura imtoe roho. Wao wanajua kwamba chapati zake ni laini, zina tabaka, na hazimwachii mtu kiungulia. Vijana wa bodaboda humwita Mathe, kama mama yao. Walimu wa shule ya karibu hutuma oda mapema. Akigeuza chapati hatazami sana, husikiliza. Chapati ikikaribia kuiva, anasema, hubadilisha sauti: ule mtokoto wa unga mbichi hukauka, ukawa mlio mdogo kama wa mtu anayevuta pumzi kwa pua. Chumvi anaijua kwa kiganja, unga anaujua kwa kidole, mafuta anayajua kwa harufu. Ulimi wake haujui lolote kati ya hayo.

"Mathe, mbona wewe hatukuonangi ukila?" kijana mmoja alimuuliza juzi.

"Nimezishika tangu asubuhi," akamjibu. "Mkono umeshiba."

Hana haja ya kumweleza kila mtu. Akianza kueleza lazima aanze na Thika, na akianza na Thika lazima aanze na mama yake, na akishamtaja mama yake kazi haiendi tena.

Mama yake aliitwa Gathoni. Miaka ya themanini kibanda chake kilikuwa nje ya geti la kiwanda cha nguo mjini Thika. King'ora cha zamu kikilia saa nane mchana, watu walimiminika nje na vumbi la pamba vichwani, weupe kama wazee, na wa kwanza kuonana naye alikuwa Gathoni na karai lake la mandazi, na chapati zilizofunikwa kwa kitambaa kilichofumwa mlemle kiwandani. Mumewe, Kinyanjui, alikuwa fundi humo ndani, akitengeneza mitambo ya kufuma. Waliishi katika chumba kimoja Makongeni, na kila kitu humo, mashuka, sare za shule, hata Biblia, kilinukia unga wa ngano na mafuta ya kukaangia. Mpaka leo, Waithira akipita mahali penye harufu hiyo asubuhi ya baridi, hupunguza mwendo bila kukusudia.

Alizaliwa mwaka wa 1983, mtoto wa kwanza, akapewa jina la nyanyake mzaa baba. Alikuwa mtoto mzuri isipokuwa alilia. Watoto wote hulia wakiwa na njaa. Yeye alilia akishiba. Akinyonya, saa moja baadaye tumbo linakuwa gumu kama ngoma, anajikunja, anapiga mateke. Gathoni alipewa dawa ya tumbo, dawa ya minyoo, maji ya mizizi, maombi. Mtoto alipofika miaka minne akaota vipele vidogo vya manjano kwenye viwiko na matakoni, kama punje za mtama zilizotiwa chini ya ngozi. Havikuwasha, havikutoa maji. Vilikaa tu.

Kinyanjui alikuwa na dada mkubwa aitwaye Maggie, mwenye ploti ya vyumba vya kupangisha huko Gitothua, Ruiru, mwanamke wa kanisa na wa maneno. Siku moja alikuja Makongeni, akamvua mtoto nguo, akavitazama vile vipele kwa muda mrefu.

"Ni moshi," akasema.

"Moshi gani?" Gathoni akauliza.

"Moshi wa mafuta yako. Ulikuwa na mimba na hukuacha kukaanga, mpaka siku ya kujifungua ulikuwa kwa jiko. Mafuta yamemwingia mtoto. Ona, yanatafuta pa kutokea."

Gathoni akamtazama mumewe. Kinyanjui alikuwa ameshika kikombe cha chai. Angeweza kumtetea. Badala yake akasema, "Mimi najua tu kwetu hakujawahi kuwa na ugonjwa kama huu." Kisha akanywa chai yake.

Waithira alikuwa mdogo mno kukumbuka siku hiyo. Aliisikia kwa majirani miaka mingi baadaye. Mama yake hakuisimulia hata mara moja.

Mwaka wa 1989 tumbo lilimshika Waithira vibaya kuliko siku zote. Alitapika mpaka akatoa nyongo, jasho likamtoka, akawa hawezi hata kulala chali. Gathoni alimfunga mgongoni na kumpeleka hospitali kubwa. Huko akatolewa damu na mtaalamu wa maabara aitwaye Jeconia, Mjaluo mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyezungumza polepole kama anayehesabu. Watu walimwita daktari, naye kila mara akawasahihisha: "Mimi si daktari. Mimi ni wa chupa."

Baada ya muda Jeconia akatokea mlangoni.

"Nani mama wa Waithira Kinyanjui?"

"Ni mimi."

"Mtoto amekunywa maziwa leo?"

"Hajaweka kitu mdomoni tangu jana, daktari. Kila kitu anatapika."

Jeconia akarudi ndani. Kesho yake asubuhi alikuja wodini mwenyewe, ameshika kichupa chembamba mkononi. Alikuwa amekilaza kwenye friji. Akakiinua mbele ya dirisha. Chini kulikuwa na damu nyekundu, juu yake maji ya rangi ya majani ya chai, na juu kabisa krimu nyeupe, nene, kama maziwa ya ng'ombe wa nyumbani yaliyolala.

"Hii ni damu ya mtoto wako," alisema. "Miaka kumi na mitatu niko hapa, sijaona kitu kama hiki. Nimesoma tu."

Gathoni alikaa chini. Neno la kwanza lililomtoka lilikuwa, "Ni moshi wangu?"

"Moshi?" Jeconia hakuelewa. "Hapana, mama. Moshi hauingii hapa." Akachuchumaa ili wawe sawa. "Wewe ni wa Thika. Umeona malori ya mananasi yakipanga foleni pale juu?"

"Nimeyaona."

"Sasa makuli wa kupakua hawakuja kazini. Malori yatafanya nini?"

"Yatasimama."

"Na mengine yanakuja nyuma."

"Barabara itafunga."

"Basi. Mtu akila mafuta, utumbo unayapakia kama mzigo, unayatia kwenye damu. Kwenye kuta za mishipa midogo kuna protini inayoyangoja. Kazi yake ni kupakua: inayavunja yawe madogo, yaingie kwenye misuli yakawe nguvu, mengine yawekwe akiba. Daktari anafikiri mtoto wako hana hiyo protini, au anayo lakini haifanyi kazi. Mafuta yanazunguka tu, hayana pa kushukia. Yakizidi sana, kuna kiungo nyuma ya tumbo kinaitwa kongosho, kinawaka kama moto. Ndiyo hayo maumivu."

"Na dawa?"

Jeconia alivua miwani, akaifuta kwa koti. "Dawa ni sufuria yako, mama."

Daktari wa watoto alieleza mengine siku iliyofuata, Kinyanjui akiwapo. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kwa siku nzima tayari kilikuwa kingi kwa mtoto huyu. Nyama ya mafuta, hapana. Njugu, hapana. Avokado, hapana. Maziwa, yale yaliyotolewa krimu peke yake. Akasema pia kwamba ugonjwa huo ni wa kurithi. Kinyanjui alirudia maneno yake ya zamani, "Si kwetu," na Gathoni akainamisha kichwa. Daktari alitaka kuendelea kueleza lakini muuguzi alimwita, na alipoondoka neno lililobaki ndani ya Gathoni lilikuwa hilo moja: kurithi. Akachukua lote akalibeba yeye.

Lakini alikuwa mwanamke wa mikono, si wa kulia. Aliporudi Makongeni alitoa sufuria zote za nyumbani, akazisugua kwa majivu mpaka zikang'aa kama mpya, akazitenga na vyombo vya biashara. Tangu siku hiyo hakuna tone la mafuta lililoingia kwenye chakula cha nyumba hiyo. Si cha Waithira tu. Cha wote.

Waithira akikumbuka utoto wake, anakumbuka ujuzi huo. Mama yake alikata kitunguu chembamba kama karatasi, akakitupa kwenye sufuria kavu, akakikoroga mpaka kinaanza kushika, akakinyunyizia maji kwa vidole, kikalia shaa! na kutoa rangi ya kahawia. Maji tena, shaa! Kisha nyanya, kisha dhania mashina kwa majani. Maharagwe yaliyopikwa hivyo yalikuwa na harufu iliyowatoa majirani nje. Nduma na viazi vitamu aliviweka kwenye jivu la moto. Githeri yake, mahindi na maharagwe, ilikuwa na tangawizi. Ute mweupe wa yai aliuchemsha na pilipili hoho, na kiini akampa paka, ambaye alinenepa akawa gumzo la ploti.

Kinyanjui alivumilia wiki mbili.

"Gathoni, mimi si mgonjwa," akasema siku moja mezani. "Nafanya kazi ya nguvu. Nikaangie hata sukuma."

"Kwetu mafuta ni ya kuuza," Gathoni akamjibu. "Ukitaka kula mafuta, kuja getini ununue kama wengine. Mtoto wangu hatakaa hapa anuse cha baba yake na kumeza mate."

Na kweli, kesho yake king'ora kilipolia, Kinyanjui alisimama kwenye foleni ya mkewe, kati ya wafumaji na wasafishaji, akalipa, akapewa chapati yake kwenye kipande cha gazeti. Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. Alisimama kwenye foleni hiyo miaka yote, mpaka kiwanda kilipopunguza wafanyakazi naye akawa mmoja wao.

Vipele vya manjano viliisha ndani ya miezi michache, kama vile havikuwahi kuwapo. Tumbo likatulia. Jeconia alimpima kila baada ya miezi mitatu, akakiinua kichupa dirishani, na ule weupe ukipungua alikuwa anacheka peke yake. "Malori yanatembea, mama," alimwambia Gathoni. "Polepole, lakini yanatembea." Alipostaafu na kurudi kwao Siaya, Gathoni alimpelekea kilo mbili za chai na shati la kitambaa cha kiwandani.

Familia ilihamia Gitothua baada ya Kinyanjui kuachishwa kazi, kwenye chumba cha ploti ya Maggie. Enzi hizo Ruiru ilikuwa bado mashamba ya kahawa pande zote. Krismasi ya mwaka Waithira alipokuwa na miaka kumi na mitatu, watu wote wa ukoo walikusanyika pale. Kulikuwa na mbuzi, na chapati zilizorundikwa kwenye beseni, na avokado zilizoiva. Binamu zake walikuwa wakila wakizungumza, midomo inang'aa. Waithira alichukua chapati moja, akaiviringisha na nyama ya mafuta na nusu ya avokado, akaenda nyuma ya stoo, akala yote amesimama.

Alilazwa siku kumi na sita. Siku za kwanza hakujua usiku wala mchana. Alipopata fahamu vizuri alimwona mama yake kwenye benchi, kitambaa kimemteleza kichwani, macho mekundu. Alijua sasa atagombezwa, na alijua anastahili.

Gathoni alisogea karibu, akamshika mkono.

"Ilikuwa tamu?" akauliza.

Waithira alifikiri adanganye. "Ilikuwa tamu, Mami. Ilikuwa tamu sana."

"Basi." Mama yake akatikisa kichwa kwa muda mrefu, na Waithira hakujua kama anacheka au analia. "Ni vizuri umejua. Mimi najiuliza kila siku kama unanichukia, ukiona napikia watoto wa watu na wewe sikupi."

"Sikuchukii."

"Ukipona nitakufundisha kuzipika. Mwenye kitu si lazima awe mlaji."

Alimfundisha mwaka huohuo. Walisimama pamoja kwenye kibanda kipya karibu na soko la Ruiru, mkono wa mama juu ya mkono wa binti, wakisukuma donge moja. "Usilikandamize kama unalichukia. Libembeleze." Miaka hiyo, tangu kumi na mitatu hadi alipoolewa, Waithira huiita miaka yake ya utajiri. Hawakuwa na kitu. Lakini asubuhi walikuwa wawili, jiko katikati yao, mvuke wa chai, ukungu umekaa juu ya mashamba ya kahawa, na mama yake akiimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya pua kwa sababu moshi ulikuwa umemziba.

Kahiga, fundi wa pampu za maji, alikuwa mteja. Alioa binti mpika chapati akijua kwamba nyumbani atakula maharagwe ya kitunguu cha maji. Mimba ilipoingia, mwaka wa 2009, daktari aliwaambia ukweli: mimba yenyewe hupandisha mafuta kwenye damu, na kwa mtu kama Waithira inaweza kuwa hatari kwa wote wawili. Gathoni alifunga kibanda miezi saba. Alihamia kwa mkwewe na sufuria zake, akapika kila mlo kwa mkono wake, akampeleka kliniki kila wiki, akauliza matokeo, akayashika kichwani. Wiki sita za mwisho Waithira alikaa wodini na Gathoni akaleta chakula mara tatu kwa siku.

Mtoto alizaliwa mzima, msichana. Kwa desturi jina lilikuwa la mama yake Kahiga. Bibi huyo alikuja hospitalini, akamtazama mtoto, akamtazama Gathoni aliyekuwa amekonda kuliko mzazi. "Mpeni jina la huyu," akasema. "Langu litangoja mwingine." Hakukuwa na mwingine, na bibi huyo hakuwahi kulalamika. Tangu siku hiyo Waithira humwita binti yake Maitu, yaani mama, na nyumba nzima ikafuata.

Gathoni alifariki mwaka wa 2021. Kifua kilimshika, akaugua wiki tatu. Siku chache kabla hajaenda, mchana, jua limeingia mpaka kitandani, alimwambia Waithira, "Unisamehe ule moshi."

"Moshi gani, Mami?"

"Unajua."

Waithira alijua. Alimwambia si moshi, haukuwa moshi hata siku moja, Jeconia alisema. Mama yake alimpapasa mkono kama mtu anayemtuliza mtoto asiyeelewa, akafumba macho. Neno hilo lilimfuata Waithira. Akisukuma chapati, alilisikia. Akiosha sufuria, alilisikia.

Miaka miwili baadaye, kwenye kliniki, alikutana na mtafiti kijana aitwaye Mutheu, wa chuo kikuu kule Juja, aliyekuwa akichunguza familia zenye shida ya mafuta kwenye damu. Alimwomba damu yake, ya Maitu, na ya mzazi yeyote aliye hai. Waithira alikubali papo hapo. Kazi ilikuwa kumshawishi Kinyanjui, sasa mzee wa miaka sabini na kitu, anayetembea kwa bakora.

"Mimi damu yangu ni safi," alisema. "Waniachie."

"Basi watuambie hivyo, Baba. Kwa karatasi."

Alitoa mkono akitazama upande mwingine.

Majibu yalichukua muda mrefu kurudi. Mapema mwaka huu waliitwa Juja, Waithira na baba yake, wakakaa mbele ya meza ya Mutheu yenye makaratasi na kikombe cha chai iliyopoa.

"Guka, nitaeleza polepole, uniulize popote," Mutheu alianza, akimwita mzee babu kwa Kikuyu. "Mwili hutengeneza protini zake kwa kufuata maandishi tunayozaliwa nayo. Kila maandishi tunayo mara mbili: nakala ya baba na nakala ya mama. Ile protini ya kupakua mafuta, Waithira nakala zake zote mbili zina kosa. Ndiyo maana hana kabisa. Maitu ana moja yenye kosa na moja nzuri, na moja inatosha. Yeye ni mzima."

"Na mimi?" Kinyanjui akauliza.

"Wewe una moja yenye kosa, Guka. Kama Maitu. Mtu mwenye moja mara nyingi hajui mpaka azeeke. Na marehemu mama alikuwa na moja pia, hata kama hatukumpima, kwa sababu ya pili ingetoka wapi? Lazima zikutane. Ya kwako peke yake isingeweza kumfanya mtoto awe mgonjwa. Ya mama peke yake isingeweza."

Waithira aliuliza ili baba yake asikie, "Moshi wa kukaanga, daktari, ukiwa na mimba. Unaweza kuleta hii?"

"Moshi?" Mutheu alikunja uso, akamwona Waithira anamaanisha. "Hapana. Hata kidogo. Hii ilikuwa imeshaandikwa kabla mama hajajua ana mimba."

Aliendelea kuwaeleza mengine. Kwamba kwenye utafiti wake kulikuwa na familia ambazo shida yao ni kolesteroli, si mafuta haya. Kwao ini lina upungufu wa protini zinazofanya kazi kama mikono, za kuivuta kolesteroli itoke kwenye damu, na watu wao hupatwa na ugonjwa wa moyo wakiwa vijana hata kama ni wembamba. Kwamba protini hizi hufanya kazi kwa kutegemeana: moja hupakua, nyingine humwamsha mpakuaji, na nyingine humzuia kama breki. Kwamba ng'ambo kumeanza kutumika sindano ya kupunguza hiyo breki, na inawasaidia hata watu kama Waithira, ingawa hapa haijafika. Waithira alisikiliza, na akasema ikifika ataikaribisha. Lakini alikuwa anamtazama baba yake.

Kinyanjui aliomba karatasi. Aliikunja mara nne, akaitia mfuko wa ndani wa koti. Walipotoka nje akasimama chini ya ukuta wenye kivuli, wanafunzi wakiwapita pande zote wakicheka na simu zao.

"Miaka thelathini na zaidi," alisema. "Nilikuwa namwona akibeba, na nusu ilikuwa yangu."

Waithira alimnyoshea kola ya koti.

"Twende kwa Maggie," akasema mzee.

Walimkuta Maggie Gitothua, kwenye kiti cha plastiki mlangoni, akichambua mboga kwa vidole vilivyopinda. Amepita miaka themanini, anasikia kwa sikio moja. Kinyanjui hakungoja hata salamu ziishe. Alimpa Waithira ile karatasi. "Soma. Kwa sauti."

Waithira akasoma, akageuza Kizungu cha karatasi kuwa maneno ya kawaida: nusu ya baba, nusu ya mama, hakuna moshi. Alipomaliza Kinyanjui alimwinamia dada yake.

"Umesikia? Ulisema ni moshi wa Gathoni. Na mimi sikumtetea."

Maggie aliwatazama wote wawili, jani la mchicha mkononi.

"Mimi? Nilisema hivyo lini?"

"Makongeni! Ulimvua mtoto nguo ukasema mafuta yamemwingia!"

"Sikumbuki," alisema Maggie, na uso wake haukuwa na ujanja wowote. "Ngai! Nilisema hivyo kwa Gathoni? Naye akafanya nini?"

"Hakufanya kitu."

"Angenitukana. Mbona hakunitukana?" Machozi yalianza kumlengalenga mwanamke huyo mzee. "Tulikuwa tunatukanana sana sisi wawili. Kwani ni nani alimleta hapa? Ni mimi."

Waithira alikuwa amekuja na hasira aliyoitunza kwa miaka mitatu, nayo ikakosa mahali pa kukaa. Neno lililomlemea mama yake mpaka kaburini, aliyelisema alikuwa amelisahau, labda kabla hata ya kufika nyumbani siku ileile. Akavuta kigoda, akakaa karibu na lile sikio zima.

"Ulimletaje, Tata?" akamuuliza shangazi yake. "Mami hakuniambia."

"Hakukuambia? Tulikuwa tunachuma kahawa pamoja, hapo penye hizo gorofa." Maggie alinyoosha kidole kuelekea upande wa nyumba mpya zilizojaa kamba za nguo. "Msichana mdogo, mwembamba, lakini mikono! Debe lake linajaa langu halijafika nusu. Siku moja mvua ikatushika, nikamwambia, kuja kwetu ukauke. Huyu akawa amekaa jikoni anakula viazi. Alipomwona Gathoni akaangusha kiazi kwa moto."

"Sikuangusha," akasema Kinyanjui.

"Uliangusha, na ukakitoa kwa mkono ukaungua, na ukasema haiumi."

Kinyanjui alitazama kiganja chake. Pembe ya mdomo wake ilianza kucheza.

"Alikuwa amevaa nini?" Waithira akauliza.

"Kitambaa cha buluu kichwani," alisema baba yake upesi.

"Buluu wapi! Kilikuwa cha manjano. Kilikuwa changu, mimi ndiye nilimwazima kule shambani."

"Maggie, nilikuwa namtazama mimi, si wewe. Ni buluu."

"Manjano, na hakurudisha!"

Waithira aliichukua sinia ya mchicha kutoka mapajani mwa shangazi yake, akaendelea kuchambua, akawaacha wabishane.